Droni safarini ukitokea Mwanza: wapi ubebe, wapi uiache nyumbani

Wakuu, msimu wa safari ukikaribia swali huwa ni lilelile, mtu kapata likizo, ana droni yake ndogo, anauliza naweza kwenda nayo? Majibu anayopewa sasa, mmoja anamwambia we beba tu nani atakagua begi lako, mwingine anamwambia utaozea ndani. Na wote wawili wanaweza wakawa sahihi, inategemea umeelekea upande upi. Kwa hiyo naziweka hizi nchi sambamba kwa jicho la mtu anayetokea hapa Rock City, anayerusha kwa kujifurahisha tu, hana kampuni wala leseni ya urubani, ana kadude kake kwenye begi la mgongoni na anataka video nzuri ya safari, basi.

Nianze na kitu ambacho wengi wamekigeuza juu chini. Majirani ndo wagumu, wa mbali ndo rahisi. Ukipanda basi ukatokea Sirari, Mutukula au Rusumo, droni yako ina nafasi kubwa ya kulala forodhani. Ukipanda ndege ukaenda Lisbon au Berlin, karibu kila kitu unakimaliza kwa simu ukiwa umekaa zako Capri Point unasubiri sato wako aive. Watu wanadhani kwa kuwa Afrika Mashariki ni nyumbani, unagongewa muhuri mpakani unapita na mabegi yako, basi na droni inapita. Muhuri ule ni wako wewe. Droni kwa hawa majirani inahesabiwa ni kitu cha usalama wa nchi kabla haijawa kamera, na hapo ndo tofauti yote inapoanzia, maana kule Ulaya wao wanaiangalia zaidi kama chombo cha angani chenye uzito fulani, wanakuuliza ina gramu ngapi, huku kwetu unaulizwa wewe ni nani na nani kakuruhusu.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, usianze na "naruhusiwa kupaa mita ngapi". Kila mtu anakimbilia hapo na ndo swali la mwisho. La kwanza ni je itaingia, la pili ni je mgeni anaruhusiwa kurusha, ukishavuka hayo mawili ndo uje kwenye mita.

Ya hapa nyumbani kwanza, kwa kifupi, maana makaratasi yanaanzia hapa. Bongo kanuni za droni ni za mwaka 2018, msimamizi ni TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na juu ya kibali cha TCAA kuna baraka za Wizara ya Ulinzi, na kuiingiza nchini nako kunataka kibali. Nalisema hili kwa sababu kuna mtu ana droni ya mkononi, aliuziwa na jamaa yake, hajawahi kuisajili popote, anatoka nayo kwenda kutalii, akirudi anaulizwa pale uwanjani hii umeitoa wapi, hana risiti hana kibali, inaonekana ni mzigo mpya umeingia leo. Safari ilikuwa nzuri, kesi imemsubiri mlangoni kwake. Na wale mnaosema mtafanyia mazoezi Saanane kabla ya safari kwa kuwa pale hakuna watu wengi, Saanane ni hifadhi ya taifa, ipo chini ya TANAPA kama Serengeti tu, udogo wake usikudanganye.

Inachekesha kidogo maana hili ziwa letu limeshaona droni za maana kuliko sehemu nyingi duniani. Mwaka 2018 DHL, wale GIZ wa Ujerumani na kampuni ya Wingcopter walikuwa wanapeleka dawa Ukerewe kwa droni, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati gari kuzunguka ni mwendo wa masaa, na mwaka huohuo yakafanyika hapa Mwanza yale mashindano ya droni ya Lake Victoria Challenge. Mtu anasikia hayo anasema kumbe anga ya huku ipo wazi. Ilikuwa wazi kwa waliokuja na mafaili ya vibali, na huo mtindo utauona mbele nikifika Rwanda.

Haya, majirani.

Kenya ndo ya kwanza watu wanayouliza kwa sababu Nairobi ni basi moja tu na Kisumu ni karibu zaidi. Historia yao ni ya kuvutana, walitunga kanuni 2017, bunge lao likazifuta 2018, zikaja nyingine mwaka 2020 na ndo hizo zinazotumika. Hizi za 2020 kwenye karatasi ni za kisasa kabisa, unajisajili kwenye mtandao wa KCAA, mamlaka ya anga ya kwao, kuna daraja la shughuli zisizo na hatari kubwa, mwisho futi 400 kwenda juu, uione kwa macho yako muda wote. Tatizo lipo kwenye kipengele cha nani anaweza kumiliki: wanasema raia au mkazi wa Kenya mwenye miaka 18 na kuendelea, au kampuni iliyosajiliwa kule, au serikali. Wewe wa wikiendi moja unayefikia kwa shangazi Kisumu hupo kwenye hiyo orodha. Na kuiingiza tu kunataka kibali kabla hujafika, siyo ukishafika. Kwa hiyo mtu anayekwambia "Kenya wameruhusu droni" hajakudanganya, wameruhusu, ila waliowaruhusu ni wao kwa wao. Mbuga ndo kabisa, Maasai Mara au mbuga yoyote ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, usiiwashe bila kibali maalumu cha wasimamizi wa mbuga hiyo hata kama umeingia nayo kihalali.

Uganda na Rwanda niziweke pamoja maana ukiziangalia kwa mbali zinafanana lakini sababu zake tofauti. Uganda unapita UCAA na unapita Wizara ya Ulinzi, na kwao hiyo ya ulinzi ndo yenye uzito, bila barua ya jeshi usitegemee kuvuka Mutukula wala Entebbe na droni yako ikiwa mkononi. Rwanda ndo inawachanganya watu. Wanasikia Zipline wanapeleka damu hospitali kwa droni tangu Oktoba 2016 kutokea Muhanga, wanajua Rwanda ilikuwa kati ya nchi za mwanzo Afrika kuandika kanuni za droni, wanahitimisha Kigali ni paradiso ya droni. Ni paradiso ya kampuni. Mtalii asiye na kibali cha RCAA mkononi, droni yake mara nyingi inabaki kwa maafisa anapoingia na anaichukua anapotoka, na Wanyarwanda mnawajua hawana mchezo wa "boss tusaidiane". Sasa ukilinganisha: Uganda mlolongo ni mrefu na unapita jeshini, Rwanda mlolongo umenyooka zaidi lakini haukutengenezwa kwa ajili ya mtu wa likizo. Matokeo kwako wewe wa siku nne ni yaleyale, huna droni.

Kuna jambo jingine la kwetu huku ziwani ambalo sijaona watu wakiliongelea. Angalia miji yote ya ziwa na viwanja vyake vya ndege. Mwanza uwanja upo kulekule ufukweni Ilemela, Bukoba upo mjini kabisa pembeni ya maji, Musoma vilevile, Kisumu upo ufukweni, Entebbe ndo usiseme ule uwanja umezungukwa na ziwa karibu pande zote. Maana yake ile picha unayoitaka, maji, jua linazama, mitumbwi inatoka kwenda kuvua dagaa, katika miji hii ipo karibu na njia ya ndege kubwa. Kwa hiyo hata yule mwenye kibali chake safi akifika Entebbe hawezi tu kusimama kwenye hoteli ya ufukweni akapaisha. Na ukisema basi nitarushia ndani ya boti katikati ya maji, ziwa lina mipaka hata kama huioni, karibu nusu ni letu na iliyobaki ni ya Uganda na Kenya, na pale Migingo hao wawili wenyewe hawajaelewana ni pa nani, sasa we usiye Mkenya wala Mganda utokee na droni juu ya kile kisiwa chenye askari... hapana jamani.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa majirani wote watatu ni moja: iache. Unataka kweli picha za juu za Nairobi au za Ziwa Kivu, mtafute mtu wa kule mwenye usajili na leseni ya nchi yake, mlipe wa masaa mawili, wewe simama pembeni mwelekeze. Inakuwa rahisi kuliko kuhangaika na vibali vya wizara mbili kwa ajili ya klipu ya sekunde arobaini, na picha ni zako.

Sasa kuna nchi ambazo hata sizijadili sana. Morocco, droni inakamatwa uwanjani, walishapiga marufuku kuingiza bila kibali tangu 2015 na wanakagua kweli, timu ikienda kucheza kule na mashabiki wakafuata, ambieni vijana waache hizo vitu. Misri wana sheria namba 216 ya mwaka 2017, bila kibali cha Wizara ya Ulinzi hata kumiliki ni kosa, na kule unaweza kufungwa jela, siyo faini tu. Ethiopia nayo ni kali, vibali vyao vinapitia idara ya usalama wa mtandao, na hii inatugusa kwa sababu safari nyingi za Watanzania zinaunganisha Addis. Kama unaunganisha tu ndani ya uwanja hutoki nje, hiyo haina shida kubwa, ila kama ndege inalala na unapelekwa hotelini mjini unapita forodha, na hapo ndo droni iliyopo kwenye begi la mkononi inageuka maelezo. Chagua tiketi isiyolala. Dubai walipiga marufuku urushaji wa burudani Januari 2022, wakaja kulegeza 2025 kwa waliojisajili, lakini kwa mtu anayeenda Deira kununua mzigo na kurudi mimi siioni faida ya kuhangaika. Na wale wa Guangzhou, kule shughuli siyo kurusha, shughuli ni kununua na kurudi nayo, kwa hiyo kibali unachokihitaji ni cha Bongo, ukitafute kabla hujalipia mzigo.

Afrika Kusini hii ni ya katikati na binafsi naiona ndo bora kwa Afrika kwa mtu wa hobi. Kanuni zao zipo tangu Julai 2015, na mtu anayerusha kwa burudani haombi leseni ya rubani. Masharti ni ya kueleweka: isizidi kilo 7, ukae zaidi ya mita 50 kutoka kwa watu na kutoka kwenye mali ya mtu ambaye hajakuruhusu, zaidi ya kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege, na kwenda juu mwisho ni futi 150 ambazo ni kama mita 46 hivi. Hiyo ya futi 150 inawashangaza watu waliozoea kusikia 400, ndo maana nasema usinakili sheria ya nchi moja ukaipeleka nyingine. Na kuna mtego Cape Town. Ile picha kila mtu anaiota, Table Mountain ikiwa nyuma yako kwa juu, ule mlima ni hifadhi ya taifa na hifadhi zao hazitaki droni, Cape Point nayo ipo humohumo ndani ya hifadhi. Unabaki na fukwe na mashamba ya mizabibu kwa ruhusa ya mwenye shamba, na wengi wao ukiomba vizuri wanakubali kuliko unavyodhani.

Ulaya, Uingereza, Marekani: hapa ndo pa kuchagua kweli

Hizi tatu watu wanaziweka kapu moja "kwa wazungu", wakati zina tofauti ambazo zinaamua ubebe droni ipi.

Umoja wa Ulaya wana kanuni moja kwa nchi zote, inafanya kazi tangu tarehe 31 Disemba 2020. Uzuri wake kwa mgeni ni huu, unajisajili kwenye ile nchi ya kwanza utakayorusha, unapewa namba, unaibandika kwenye droni, na namba hiyo inakubalika nchi zote za umoja pamoja na Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi, ni kama laini ya simu uliyosajili mara moja halafu inashika mtandao kila unapovuka mpaka. Ukianzia Ureno ukaenda Uhispania ukamalizia Ujerumani hujisajili tena. Ila kila nchi ina ramani yake ya maeneo yaliyokatazwa, hilo lazima uangalie, mfano Paris mjini usijaribu, na Ujerumani wanadai bima kwa kila droni hata ile ndogo kabisa, ingawa kanuni ya umoja yenyewe kwa droni ndogo haidai bima.

Kujisajili ni kwa kila droni yenye kamera, uzito usikudanganye, watu wanasema chini ya gramu 250 haisajiliwi, siyo kweli kule, isipokuwa iwe ya kuchezea watoto. Kinachobadilika ukiwa chini ya 250 ni mtihani: hufanyi. Ukianzia 250 unafanya mtihani wa mtandaoni wa maswali 40, unatakiwa upate asilimia 75. Siyo mgumu ila ukiwa Mwanza na bando linakata katikati ni adha, tafuta intaneti iliyotulia. Mwisho wa kupaa mita 120, uione kwa macho, usipite juu ya mikusanyiko ya watu.

Uingereza walipotoka kwenye umoja wakabaki na mfumo unaofanana ila ni wa kwao, kwa hiyo namba yako ya Ureno haina kazi London. Na wao tangu tarehe 1 Januari 2026 wameshusha kiwango hadi gramu 100. Yaani ile DJI Mini, droni ndogo ya gramu 249, iliyokuwa inapeta bila mtihani sasa inataka vitambulisho viwili, kimoja cha anayerusha, ambacho unafanya mtihani wa bure wa maswali 40 na kufaulu ni 30, kingine cha mwenye droni, hicho kina ada kila mwaka na lazima uwe na miaka 18. Ukifuata hayo, mengine yanafanana na Ulaya, mita 120 na kadhalika.

Marekani wao wametenga kabisa mtu wa burudani na mtu wa biashara, na hii nairudia chini maana ndo inaumiza wengi. Mtu wa burudani mwenye droni chini ya gramu 250 hasajili, kuanzia 250 anasajili FAA, mamlaka yao ya anga, kwa dola 5 kwa miaka mitatu, na mgeni naye anapitia mtandao huohuo wa FAA kutoa taarifa zake. Kila mtu, hata mwenye droni ndogo, anafanya jaribio linaitwa TRUST, ni bure na kwa kweli huwezi kufeli, ukikosea wanakuonyesha jibu unarudia. Hifadhi cheti hicho, waliokupa hawabaki na nakala. Futi 400, na karibu na viwanja vya ndege unaomba ruhusa kwa apu na mara nyingi inajibu palepale. Hifadhi za taifa zote hakuna kurusha tangu 2014, kwa hiyo Grand Canyon futa kwenye orodha, na Washington DC na pembezoni mwake hata usiitoe kwenye begi.

Ukiniuliza kati ya hizo tatu ipi rahisi kwa mtu wetu, kwa droni ndogo Marekani ndo makaratasi machache kabisa, Ulaya ndo yenye faida kubwa kwa sababu usajili mmoja unakufungulia nchi nyingi, Uingereza kwa sasa ndo yenye kazi zaidi. Viza tusiiongelee hapa, hiyo ni vita nyingine.

Mini au lile Phantom la kazini?

Hapa mjini droni nyingi zinazozunguka ni za aina mbili, zile ndogo za DJI Mini na zile kubwa za zamani ambazo jamaa wa harusi wanaanza kuziuza. Mtu anaona Phantom 4 kwa bei nzuri anasema nitasafiri nayo hii. Ile ina kama kilo moja na gramu 380. Majirani hawajali, Mini na Phantom zote zinalala forodhani bila ubaguzi. Lakini Ulaya droni ya zamani isiyo na alama ya daraja, ile herufi C na namba, ikiwa na gramu 250 au zaidi tangu 2024 inarushwa mbali tu, mita 150 kutoka makazi, maduka, viwanda na sehemu za starehe. Yaani mji wote umekataliwa, unabaki mashambani. Uingereza nako hivyohivyo. Marekani lazima iwe inatangaza utambulisho wake hewani, Phantom 4 haina hicho kitu, inabidi ununue kifaa cha kubandika. Wakati Mini ya gramu 248 Ulaya unaweza hata kupita juu ya mtu mmoja mmoja kwa bahati mbaya bila kuwa umevunja sheria, ilimradi siyo umati. Kwa safari sioni hata mashindano, Phantom ibaki inafanya harusi za Buswelu.

Ila mwenye Mini naye asijione mjanja kabla hajaangalia betri. Mini 3 ina betri ya kawaida na ina ile kubwa inayoitwa Plus, na huku kwetu watu wanaipenda ile kubwa kwa sababu inakaa hewani muda mrefu. Ukiiweka ile, droni inapanda hadi kama gramu 290, na hapo Ulaya umeshatoka kwenye kundi la wasiofanya mtihani, Marekani umeingia kwenye kusajili. Kamera ileile, droni ileile, sheria nyingine. Ukisafiri beba za kawaida tatu, acha Plus nyumbani.

Halafu YouTube. Wengi wetu tunasema ni burudani huku tunategemea video ilipe. Ulaya hawajali unalipwa au hulipwi, wanaangalia hatari tu, kwa hiyo rusha, pandisha, lipwa, sheria ni zilezile. Uingereza ukilipwa linaingia suala la bima lakini masharti ya angani hayabadiliki. Marekani ndo tofauti, burudani kwao ni burudani tupu, ukirusha kwa nia ya kuingiza kitu, hata kumpigia rafiki tangazo la hoteli yake bure, umeingia upande wa kazi na unatakiwa uwe na cheti cha Part 107 ambacho kina mtihani wa kukaa chumbani. Afrika Kusini na Kenya pia upande wa biashara ni leseni na gharama za kampuni. Kwa hiyo kama lengo lako ni chaneli, Ulaya inapanda juu zaidi kwenye hii orodha na Marekani inashuka.

Ningekuwa naamua mimi basi: Kisumu, Kampala, Kigali, naenda na simu tu. Cape Town au Durban nabeba Mini na naandaa orodha ya sehemu zilizo nje ya hifadhi kabla sijatoka. Ulaya nabeba bila kufikiria mara mbili, najisajili wiki kadhaa kabla maana baadhi ya nchi zinachelewa kukagua pasipoti za nje. Uingereza nabeba kama nakaa wiki mbili na zaidi, kwa siku tatu za mkutano siyo haki kulipia ada. Marekani nabeba, lakini kwa ajili ya kumbukumbu za familia, siyo chaneli.

Betri za ziada zote zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe siyo kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege, hiyo ni kwa mashirika yote. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri) kwa betri moja, kati ya 100 na 160 unaomba shirika. Kama kwenye betri haijaandikwa Wh, chukua volti zidisha na mAh halafu gawanya kwa 1000. Betri ya Mini 3 ni 18.1 tu na hata ya Phantom 4 ni 81.3, kwa hiyo kwa uwezo wake zote zinapita, kinachowasumbua watu ni kuzibeba zikiwa wazi. Ziba vile vichuma vya kupitisha umeme kwa selotepu au weka kila moja kwenye kimfuko chake. Na begi likiwa limejaa kwenye ndege ndogo ya kutoka hapa kwenda Dar, wakakwambia lishushwe chini, toa betri kwanza kabla hujawapa.

Na kama pamoja na yote hayo umeamua kuvuka na droni kwenda kwa jirani, labda unapitia tu kwenda mbele, itaje mwenyewe forodhani kabla hawajaiona, dai stakabadhi yenye serial namba ya droni na jina la kituo, na panga urudi kwa mpaka huohuo. Iliyoachwa Sirari ipo Sirari, ukiamua kurudi kwa kupitia Namanga kwa sababu basi lilikuwa na nafasi, utaifuata tena Tarime.